Redio Iliyoishia Darajani

Mtambo wangu wa redio ulikaa ndani ya kopo la biskuti. Nilitoboa matundu matatu: moja la waya wa umeme, moja la maikrofoni na deki ya kaseti, na moja la waya wa antena, uliotokea dirishani jikoni na kufuata kamba ya kuanikia nguo. Mtu akitazama kutoka chini aliona soksi na vitenge vya familia ya Kiafrika, basi. Tuliishi ghorofa ya tisa, Edmonton, kaskazini mwa London, miaka ya tisini ikikaribia kwisha, na leseni pekee niliyokuwa nayo ilikuwa ya televisheni.

Siku ya kuujaribu nilimkabidhi mke wangu maikrofoni, nikashuka na redio ndogo mfukoni. Nilimwambia aseme chochote. Akasoma maelezo ya pakiti ya sabuni ya unga, mstari kwa mstari, kwa sauti ya mtu aliyelazimishwa. Nilimsikia vizuri hadi sokoni. Kwenye kituo cha basi nilimsikia kwa shida, na nilipofika darajani, pale treni zinapopita juu ya barabara, akamezwa na mikwaruzo. Nilivuka upande wa pili, nikazungusha kitufe huku na huku, nikapata stesheni ya mpira na nyingine ya muziki wa Kihindi. Yangu haikuwepo.

Kwa hiyo nilijua tangu siku ya kwanza. Hata hivyo Jumapili iliyofuata, saa nane mchana, nilisafisha koo nikatangaza: "Hii ni sauti yako ya Kiswahili, ikikujia London nzima na vitongoji vyake, popote pale ulipo."

Mke wangu alikuwa akimenya viazi. Alinitazama, akaendelea kumenya.

Naomba nieleweke. Kwetu Morogoro nilikuwa fundi redio, na katika ujana wangu niliwahi kufanyiwa usaili wa utangazaji. Waliniambia nina sauti ya mtu mwenye mafua. London nilikuwa napanga maboksi kwenye ghala siku tano kwa wiki, na hakuna aliyehitaji sauti yangu, yenye mafua au isiyo nayo. Saa mbili za Jumapili zilikuwa zangu, na mtangazaji gani anawaambia wasikilizaji wake kwamba anaishia darajani?

Kipindi kilikuwa cha salamu. Waliokulia na redio wanakijua: mtu anaandika kadi, anataja anaowasalimu, anaweka ujumbe, mtangazaji anasoma, kisha anapiga wimbo. Niliweka boksi la viatu lenye mfuniko uliotobolewa kwenye duka linalouza unga wa ugali na dagaa, na kwa mshangao wangu kadi zikaja. Wauguzi wa Kikenya walisalimiana ingawa walikuwa zamu moja wodi moja. Mzanzibari mmoja alimsalimu mkewe aliyeketi naye sebule moja. Ujumbe ulikuwa ule ule wa nyumbani: tuwe na subira, tupendane. Nilisoma yote kwa madoido, nikikokota irabu.

Kadi ya jirani yetu wa ghorofa ya nane ilikuja mwezi wa pili wa kipindi. Alikuwa mama wa Kikongo, kutoka upande wa Bukavu, akifanya usafi wa maofisi alfajiri na kuimba kwaya Jumapili asubuhi. Tulikuwa tunakutana kwenye lifti tu, ilipokuwa nzima. Kadi yake ilisema: salamu zangu zimfikie kaka yangu, popote pale alipo; kisha jina lake na la baba yao. Ujumbe: mimi ni mzima, niko Edmonton.

Nilipomaliza kuisoma nilisikia ngo, ngo, ngo kwenye bomba la maji ya moto linalopita jikoni kwetu kwenda chini. Alikuwa anagonga na kijiko kunijulisha kwamba amesikia.

Jioni alipanda kushukuru, ameshika sahani ya maandazi. Ndipo alipotusimulia. Walikimbia vita pamoja, yeye na kaka yake, na kwenye foleni ya kuvuka mpaka watu walisukumana, wakapoteana. Miaka imepita. Kisha mtu mmoja wa kanisani alimwambia amemwona mwanamume kama yule kwenye ibada, huko Lewisham, ama mtu aliyefanana naye.

"Papa," akaniuliza, "kama iko Lewisham, atasikia?"

Lewisham ni kusini, ng'ambo ya mto. Redio yangu haikuvuka hata daraja la treni. Mke wangu aliacha kula andazi lake.

"Kwa nini asisikie?" nikajibu.

Huo ndio uongo wenyewe, na sitaupaka rangi. Ningeweza kusema ukweli pale pale, kwa sentensi moja. Lakini alikuwa ameniita mtangazaji mlangoni mbele ya mke wangu, na utamu wa neno lile ulikuwa bado masikioni.

Basi kila Jumapili kadi ilikuja, na kila Jumapili niliisoma. Bomba likagonga mara tatu. Mwanzoni nilifurahia, baadaye nikawa naliogopa lile bomba. Mke wangu alinisema wazi: "Unamkalisha mtu na matumaini ya bure. Mwambie, au mimi nitamwambia." Nikamwomba anipe muda, nitalitengeneza.

Fundi akiona aibu huongeza wati. Ndivyo nilivyofanya. Nilinunua kipaza nguvu kutoka kwa mtu aliyekuwa anahama, nikakiunga, nikarefusha antena hadi ikapita kamba ya nguo na kuchungulia ukutani. Nilisikika ng'ambo ya daraja, kweli, na pia nilisikika ndani ya televisheni za jengo zima. Mzee wa ghorofa ya kumi, Mwingereza mpole, aliniambia kwenye ngazi kwamba mbio zake za farasi siku hizi zinatangazwa kwa lugha asiyoijua. Wiki tatu baadaye ikaja barua ya serikali, karatasi nene, sentensi fupi. Ilisema wamepima mawimbi, wameyafuata mpaka jengo letu, na wakirudi watachukua vifaa na kunifikisha mahakamani.

Wakati huo karatasi zetu za kuishi nchini zilikuwa bado mezani kwa watu wasiotufahamu. Mke wangu aliisoma barua mara mbili, akaiweka juu ya friji, akachomoa waya ukutani mwenyewe. Sikubisha. Nilikasirika, nikalala mchana mzima, lakini sikubisha.

Kilichobaki ni kumwambia yule mama. Nilishuka Jumatatu baada ya kazi. Nilimweleza habari ya barua, kisha, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikamweleza na lile jingine: kwamba redio haikuwahi kufika Lewisham, wala Ilford upande wa mashariki, wala popote. Iliishia darajani. Nilisema nikitazama viatu vyangu.

"Mi najua," akasema.

Nikainua macho.

"Nilijuaka zamani, Papa. Wiki ya pili nilipanda basi na redio ku mapaja. Ku daraja ukakufa."

Akainuka, akafungua kabati. Ndani kulikuwa na kaseti zilizobaki, zimepangwa, kila moja ina tarehe kwa kalamu nyekundu. Redio yake ilikuwa na sehemu ya kurekodi. Kila Jumapili alikuwa akinirekodi nikisoma kadi yake, na kila wiki alimpa kaseti mtu wa kwaya aliyekuwa na safari: Lewisham, Ilford, kwenye misiba, kwenye harusi, miji ya mbali ambayo mimi sijakanyaga. Waliopewa walizipiga makanisani baada ya ibada, wakazinakili, wakazipitisha mbele.

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ungeendelea kusoma kama ungejua mi najua?"

Nadhani nisingeendelea. Ningeona haya, ningefunga redio na kumwambia mke wangu mtambo umeungua. Nikamuuliza pia kwa nini hakujirekodi mwenyewe tu, bila mimi.

"Kaseti ya mwanamke analia, nani atasikiliza? Lakini hii ni redio. Watu wananyamaza."

Nilipanda ngazi nikiwa na hasira na furaha kwa pamoja, sikujua nianze na ipi. Sauti ya mafua imefika kote huko na mimi nimekaa na kopo la biskuti nikijiona tapeli.

Ilipita miezi mitano. Kopo lilikuwa juu ya kabati la nguo, limefunikwa kwa taulo. Jumapili moja, karibu saa tisa, mlango ukagongwa. Alikuwa yeye, bado amevaa sare ya kwaya, ameshika kaseti kwa mikono miwili. Ilikuwa mojawapo ya zake, ya tarehe ya zamani, imerudi na mtu kutoka mji wa kaskazini. Upande wa kwanza nilikuwa mimi. Upande wa pili, aliyeileta alimwambia, kuna mtu amejibu.

"Ni yeye?" mke wangu akauliza.

"Nilisikia mtu anakohoa. Kisha anasema, salamu zangu zimfikie. Nikazima."

"Ulizima, Mama? Kwa nini?"

"Zaidi ya mwaka nilikuwa nakaa ku kiti kile, na kijiko, nangojea ku redio." Aliongea na mke wangu, si na mimi. "Kama ni yeye, kama si yeye, nataka niisikie pale pale. Tafadhali."

Nilishaahidi kutowasha mtambo tena, na barua ilikuwa bado juu ya friji. Mke wangu aliitazama barua, akaitazama ile kaseti. Kisha akaenda chumbani, nikasikia kiti kikiburutwa, na akarudi na kopo, taulo likiwa bado juu yake.

"Dakika kumi," akasema. "Na wati zile zile za zamani, baba watoto. Ukiunga kile kipaza chako nitakirusha nje."

Yule mama akashuka. Nilimpa muda wa kufika, kuvua viatu, kukaa. Niliwasha mtambo, nikasubiri upate moto. Nilitaka kusema London nzima na vitongoji vyake, kwa mazoea, nikashindwa. Nikasema tu, "Kuna kadi moja leo," nikabonyeza deki.

Mwanamume akakohoa. Akasema salamu zake zimfikie dada yake, akataja jina lake, na la baba yao, na jina la utani ambalo sikuwahi kuliona kwenye kadi yoyote. Aliongea polepole, akikokota irabu, kwa madoido niliyoyatambua kuwa ni yangu. Ujumbe: nimekusikia. Mimi ni mzima. Mguu unauma tu wakati wa baridi. Kisha akataja mji, na mtaa, na namba ya mlango.

Kaseti ikaendelea kuzunguka tupu. Mke wangu alikuwa amesimama na mkono mdomoni. Tukalisubiri bomba.

Halikugonga. Nilikagua taa ya mtambo, ilikuwa inawaka. Nikakagua antena, waya ulikuwa mahali pake. Nikafikiri: nimeharibu, hata ghorofa moja chini sijafika. Nikashuka ngazi mbili mbili.

Mlango wake ulikuwa wazi. Alikuwa amekaa kwenye kiti kile kando ya bomba, redio mapajani, kijiko mkononi, uso wote umelowa.

"Papa, rudisha mwanzo," akasema. "Nililia tangu anakohoa. Sikusikia kitu."

Dakika kumi zilikuwa zimekwisha. Nikapanda tena ngazi, na mke wangu alikuwa ameshairudisha kaseti mwanzo.