Vyungu Viwili, Namba Moja

Saa tatu asubuhi. Mfinyanzi amesimama mbele ya meza ndefu ya makumbusho, mikono imevishwa glavu nyeupe, akitazama vyungu viwili. Kimoja kina zaidi ya miaka mia moja. Kingine alikifinyanga yeye mwezi uliopita. Hajui kipi ni kipi.

"Usinicheke," anamwambia mwandishi wa habari hii. "Nimevizunguka mpaka kichwa kinaniuma."

Majirani humwita Mama Udongo. Ana miaka hamsini na miwili, na kwa miaka thelathini ameuza vyungu vya maua kando ya barabara, sita kwa wiki nzuri. Mfinyanzi hulia gaeni: nyumbani kwake anapikia sufuria lililobonyea, na hakuna mteja aliyewahi kumuuliza jina.

Ndiyo maana makumbusho yalipowaalika mafundi wanane waandae maonyesho, alikubali kabla barua haijasomwa yote. Kila fundi angechagua kifaa kimoja cha kale, atengeneze kazi mpya kutokana nacho, na viwili hivyo vikae pamoja, kazi yake ikiwa na kadi ya jina lake.

Wenzake walichukua wazo tu. Seremala alitazama kiti cha kale, akachonga bembea. Mama Udongo aliiga ufa, akaiga masizi, akaiga hata namba ndogo nyeupe ambayo makumbusho yaliandika kitakoni.

"Niliambiwa nitazame vizuri," anajitetea. "Namba nikaiona. Ningeiachaje?"

Juzi mpiga picha alivigeuza geuza vyungu, akaviacha mezani, akaenda zake. Tangu hapo ni vurugu tupu.

"Niruhusu nivigonge, vitasema vyenyewe," anamsihi mtunzaji wa makumbusho, mwanamke wa rika la binti yake.

"Mama, cha kale hakigongwi. Wala hakilowanishwi."

"Basi nivue hizi glavu, mwanangu. Nimevaa soksi mikononi, nitajua nini?"

Mtunzaji anasita, kisha anaitikia kwa kichwa. Mama Udongo anaingiza mkono katika chungu cha kwanza, halafu cha pili. Anarudia. Uso unamkunjamana. Ndani ya vyote viwili, mifereji iliyoachwa na vidole inamkaa sawasawa.

"Nje niliiga," anasema polepole. "Ndani sikuiga. Nilifinyanga kama mama alivyonifundisha. Sasa huyu wa kale alifundishwa na nani?"

Maonyesho yanafunguliwa Jumamosi, na agizo la mkurugenzi ni fupi: visipotambulika, vyote viwili vinafungiwa stoo, na kadi ya Mama Udongo haitawekwa.

Limebaki tumaini moja. Ijumaa atamleta mama yake mzazi, ambaye macho yameshafifia, avipapase.

"Akikitambua changu, jina langu litasomwa," anasema. Anacheka, kisha anajifuta macho kwa kiganja. "Asipokitambua, si ndiyo nimefuzu? Hata sijui niombe lipi."