Kijiji Kizima Kiliomba Moyo Usisimame

Jamani, umewahi kupewa hongera kwa jambo linalomuua mkeo?

Mimi nimepewa. Hapa hapa kwetu Malta.

Mke wangu Rożanna chupa ilimpasukia, mimba ya miezi minne. Maji yote yakaisha. Daktari akasema wazi kwamba mtoto hataishi.

"Basi mtoeni, mke wangu apone."

Akafunga mlango kwanza. "Salvu, moyo wa mtoto bado unapiga. Sheria yetu inakataza kutoa mimba; nikigusa ni jela. Tusubiri usimame, au mkeo azidiwe."

"Azidiwe kiasi gani?"

Akafungua mlango, akatoka.

Sasa, mama mkwe wangu, Ċetta, ndiye kiongozi wa rozari parokiani. Ilitosha watu wasikie kwamba moyo unapiga. Novena, sala za siku tisa, ikaanza ili usisimame, bendi ya sikukuu ya mtakatifu wa kijiji ikaahirisha mazoezi, na simu yangu haikunyamaza.

"Hongera, Sal! Kidume kinapambana!"

"Asanteni," najibu. Ningesema nini? Kwetu ukilitamka lile neno, hata kinyozi wako anakukataa.

Homa ikampanda Rożanna. Anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta.

"Sal, nakufa?"

"Hufi, mpenzi."

Nilikuwa namdanganya. Nikamkimbilia daktari. Akaja, akapima, akasema, "Moyo bado unapiga." Nililia mbele yake bila aibu.

Mama Ċetta akaingia na picha ya Mtakatifu Ana. Akailaza juu ya tumbo la bintiye, akafumba macho, midomo inacheza. Hasira zikanipanda.

"Mama, acha! Sala zako zinamuua mwanao!"

"Punguza sauti," akanong'ona. "Kanisani naongoza ile sala yao, moyo usisimame. Hapa, tangu jana, namwomba Mungu ausimamishe."

Nikapiga magoti kando yake.

Moyo ulisimama alfajiri. Ndipo wakamkimbiza chumba cha upasuaji. Rożanna wangu yu hai, ila kizazi kilikuwa kimeoza, wakakitoa.

Baada ya misa, akina mama wa novena walikuja kunipa pole. Wa kwanza akaniinamia sikioni: "Mwanangu, mimi niliomba usimame." Wa pili, vilevile. Wa tatu akanibana mkono tu.

Ndugu zangu, la moyoni lisemeni mapema. Sisi tulitaka jambo moja, tukaogopana, na aliyeumia ni Rożanna.