Saa Nne ya Bibi Zuwena

Mwanangu, kila mwaka chuo chetu cha elimu ya pwani pale Sur hutukusanya sisi wanafunzi wa zamani. Tunakaa mbele na vikombe vya kahawa na sahani ya halua, na vijana wanatuuliza ni kitu gani tulichojifunza pale ambacho hatujakisahau. Mimi hunijia siku moja tu, na somo lake sikulipata darasani. Nililipata nyumbani kwetu Ibra, mbele ya bibi yangu.

Bibi Zuwena, mama yake baba, alizaliwa Unguja na utoto wake ulikuwa Bumbwini, akifuatana na wanawake wa pale kwenda pwani kuokota chaza. Alikuja Oman mtu mzima, akakaa Ibra, ambako ukitaka kuiona bahari lazima usafiri. Lakini mwezi ukiwa mpevu, asubuhi yake alisimama uani na buli mkononi akasema, "Saa nne hii, maji yametoka. Watu wako pwani." Sisi wajukuu hatukumuuliza ni pwani ya wapi. Kwetu bahari ilikuwa moja, na mwenye habari zake alikuwa bibi.

Basi chuoni tulikuwa na desturi. Tukienda hori la Sur, ule mkono wa bahari unaoingia mjini, kuhesabu kaa na kombe matopeni, mwanafunzi mmoja alipewa kazi ya kupanga saa ya kwenda, maji yakiwa yamekupwa. Mwalimu wetu, mtu wa Sur mwenye maneno machache, alikuwa amebandika jedwali la maji ukutani. Zamu yangu iliangukia bamvua, siku za mwezi mpevu, maji yanapojaa sana na kukupwa sana. Jedwali sikulitazama. Nitazame jedwali na mimi nina bibi? Nikaandika ubaoni: saa nne asubuhi.

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Siku ile liliharibika. Tulishuka kwenye basi na ndoo na buti zetu za mpira, tukakuta hori limejaa mpaka juu, maji yanagonga mawe ya barabara. Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Moza, msichana wa Sur ambaye kwao kunatazama hori lile, alisema, "Mimi niliiona saa hiyo, nikadhani mtu wa Ibra ana siri yake."

Mwalimu hakucheka. Aliniuliza saa ile nimeipata wapi.

"Kwa bibi yangu," nikasema.

"Bibi yako anakaa wapi?"

"Ibra."

Hapo hata dereva alicheka. Mwalimu akasubiri wanyamaze, akaniambia, "Nenda kamuulize bibi yako bahari hiyo aliiona wapi. Jibu lake uje nalo."

Sasa elewa, mwanangu, nilichokuwa nakiogopa. Vicheko vya wenzangu vilikwisha kabla ya adhuhuri. Niliogopa habari ile kumfikia bibi. Nyumba ya Unguja hakuwa nayo tena, makaburi ya wazazi wake yalikuwa huko, na mashoga zake wa Bumbwini hakujua nani yu hai. Alichobaki nacho ni ile saa nne yake. Nikimwambia kwamba huku haifai, niliona nitakuwa nimemnyang'anya, na nilikuwa nampenda kuliko mtu yeyote. Nikaazimia kumficha.

Mwisho wa wiki nilifika nyumbani, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na swali likafuata papo hapo.

"Ehe, maji yalitoka?"

"Yalitoka, bibi."

"Mbali?"

"Mbali sana."

Alikuwa anapepeta mchele. Akapepeta kidogo, kisha akazitazama buti zangu nilizoziacha mlangoni. "Tope la bamvua halitoki kwa kuoshwa mara moja," akasema. "Buti hizi hazijaona tope. Nambie kweli, mjukuu wangu. Mficha uchi hazai."

Nikamwambia yote, na vicheko vya basi nikavitia humo. Ungo ukatulia mikononi mwake. Niliinama nikingoja alie.

"Yamejaa?" akauliza. "Saa nne, bamvua, maji yamejaa?"

"Tele, bibi. Yamefika barabarani."

"Alaa." Akauweka ungo chini. Nilipoinua macho nikaona uso umemchangamka, kisha ukabadilika akanikazia macho. "Na jambo kama hili ulitaka kunificha? Miaka yote hii nakaa nchi hii, sijui bahari yake inakwendaje. Wewe umeijua, unaniletea uwongo. Ndiyo kusema umeniona nimeshakwisha, sina tena la kujua?"

Maneno yale yaliniuma, maana yalikuwa ya kweli. Nilimwona amekwisha, nikajidanganya kwamba ni huruma.

"Nipeleke," akasema.

Bamvua iliyofuata ami yangu alitupakia garini mpaka Sur. Bibi akakaa kwenye kiti ukingoni mwa hori. Saa nne ilipofika, akayaona maji yamejaa, akatikisa kichwa akacheka peke yake. Kuondoka hakutaka. Mama yake Moza akaja na kahawa na tende, na bibi akamuuliza kwa Kiarabu chake kaa wa huku wanatoka lini na kombe zinapikwaje, mpaka mama wa watu akachoka. Alasiri, maji yalipotoka, alivua viatu, akapandisha buibui kidogo, akaingia matopeni. Moza na mimi tulimshika huku na huku.

Mwalimu alifika akamweleza kwamba maji hayafiki kila pwani kwa saa moja. Unguja yakikupwa, Sur yanajaa.

"Na nani anayachelewesha njiani?" bibi akauliza.

Mwalimu akaeleza, bibi akauliza tena, ikawa hivyo mpaka jua likapungua makali. Sidhani kama aliridhika mpaka kufa kwake.

Tangu siku ile, mwezi ukiwa mpevu, alisimama pale pale uani na buli lake akasema, "Unguja yametoka. Sur yamejaa." Mimi nilidhani nitamnyang'anya bahari yake, kumbe nilikuwa namnyima ya pili.

Mwanangu, leo saa za maji unazo kwenye simu, na sina ugomvi na simu yako. Lakini elimu ni bahari, na chuoni utakutana na mengi yanayopingana na uliyoambiwa nyumbani. Usimcheke mzee wako, wala usimfiche. Keti naye, umwambie umeona jambo haliendi kama alivyosema, kisha yasikilize maswali yake. Na ukizeeka, mjukuu akikuletea habari inayokupinga, usinune. Mwambie akupeleke ukaone.

Mwenyezi Mungu akupe elimu yenye manufaa, akuhifadhie wazee wako, na akujaalie mpaka siku yako ya mwisho uwe na jambo ambalo bado unatamani kulijua. Amin.