Napika Kuku Lakini Siwezi Kumla

Wenye ukurasa huu, naomba mfiche jina langu, maana mume wangu na watu wa kanisa letu husoma hapa. Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, mzaliwa wa Vihiga, nimeokoka, shule niliishia darasa la saba. Tulihamia Kitengela miaka ya tisini ikielekea kuisha, wakati nyumbu walikuwa bado wanapita nyuma ya ploti yetu. Mume wangu ameajiriwa Athi River, mimi nafuga kuku wa gredi, wale wa nyama wanaouzwa wakiwa na wiki tano hivi. Nilianza na mia moja. Leo niko na elfu moja katika nyumba ya mabati iliyojengewa nusu yao. Watoto wangu wanasoma kwa hizo kuku, nisidanganye.

Mwaka jana Mama Naserian, Mmaasai anayetuletea maziwa, aliingia humo kwa mara ya kwanza. Akasimama mlangoni, shuka puani.

"Hawa wanatoka nje saa ngapi?"

"Hawatoki."

"Hata jioni?"

"Hata jioni. Na taa za stima hazizimwi, ndio wale usiku na mchana."

Akacheka kidogo. "Kwani walifanya makosa gani, mama?"

Nilicheka pia. Lakini alipoenda nikaona mmoja ameshindwa kusimama, kifua kizito, miguu imepanuka huku na huku, ananyoosha shingo kwa maji na hafiki. Nikambeba nje. Aliogopa jua. Akaanza kulia, na sauti ilikuwa ya kifaranga kabisa, kwa sababu wiki tano bado ni kifaranga, sisi ndio tumemlazimisha mwili wa kuku mzima. Tangu siku hiyo nyama ya kuku haipiti kooni. Naogopa kumshukuru Mungu kwa chakula ambacho najua nilikitesa.

Nilificha, nikisingizia tumbo, mpaka mama mkwe alipokuja Pasaka. Wa kwetu Vihiga mnajua, zamani mwanamke hakuruhusiwa kula kuku. Yeye ni wa wale waliookoka mapema kijijini, na walionyesha wokovu wao kwa kumla hadharani. Baba yake alimchapa akamfukuza. Sasa mimi nikampakulia, kisha nikachukua ugali na mboga.

"Mama Ayub, nyama yako iko wapi?"

"Nimeshiba, Mama."

"Umeshibaje na hujala? Nani amekukataza?"

Nikainuka kumwongezea mchuzi badala ya kumweleza, na hapo ndipo nilipokosea.

"Mimi nilichapwa kwa sababu ya hii kuku," akasema polepole, "na wewe unarudisha mwiko kwa nyumba ya mtoto wangu. Ni mganga gani amekupa masharti?"

Akamwambia mume wangu kwamba huyo mganga ndiye anayefanya biashara yetu ikue haraka hivyo. Nilijaribu kujitetea.

"Baba Ayub, ni huruma tu. Nawahurumia."

"Huruma ya kuku? Ungesema mganga ningekuelewa."

Sasa mume wangu hali chakula changu mpaka nionje mbele yake. Ananiita kwa jina langu la usichana, kama mtu ambaye hajazaa naye. Jumapili ya mwisho wa mwezi pasta na wazee wanakuja kuniombea. Nimeagizwa nichinje kuku wawili kutoka kwa nyumba yangu, nipike, nile kipande wakiniangalia, ndio wajue sina agano na mtu.

Nikila, wataenda wakisifu Mungu, na mimi nitakuwa nimeshuhudia uongo, kana kwamba moyo wangu umeikubali hiyo nyama, na kuku watabaki vile walivyo. Nikikataa, narudishwa Vihiga na jina la mchawi, na sijui watoto nitawaona lini. Nikiwaambia yale ninayoyaona kila asubuhi nikifungua ule mlango, wao ndio wanaonunua kuku wangu wa harusi. Watanisamehe? Nimeomba na kufunga siku tatu, sijapata jibu. Dada zangu, kaka zangu, hata mkinikemea nitapokea, lakini niambieni kabla ya hiyo Jumapili: nile, au nisile?