Gunia Mbili

Mimi sikusoma sana, lakini mtaa muzima wa Ndosho hakuna mutu anayejua uzito kunishinda. Nilianza na chukudu moja, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, nikishusha viazi kutoka milimani. Leo niko na depo ya mbao na nyumba ya matofali. Sikusaidiwa na mutu.

Chukudu tupu inarukaruka juu ya mawe ya volkano. Yenye mzigo inatulia, inateremka kama inateleza juu ya maji. Mpaka leo nikifumba macho naona ukungu wa asubuhi, barabara nyeusi, na binti yangu mudogo amekaa juu ya magunia, anaimba. Kama vile tulikuwa tunaelea, sisi wawili, na mji haujaamka.

Binti alinenepa. Mimi niliyelala njaa, kila kilo yake niliiona kama tofali ya nyumba yangu. Wateja waliuliza, "Patron, huyu unamulisha nini?" Najibu, "Gunia mbili hizo! Nilizibeba mwenyewe!" Tunacheka. Niliona kama na yeye anacheka.

Alipokaribia kuolewa, mushonaji alikuja nyumbani, saloni kwetu, kumupima na utepe wake wa metre. "Mama wee, metre inaisha!"

"Ongeza!" nikasema kwenye kiti changu. "Gunia mbili haziingii mufuko moja!"

Shangazi zake wakacheka mpaka machozi. Binti yangu akavua ile metre kiunoni, akaikunja vizuri, akamurudishia mushonaji.

"Papa, siku ya ndoa utanishika mukono?"

"Sana!"

"Basi usinishike kama muzigo. Tangu utoto unanipima mbele ya watu. Nikisikia gunia tena, mujomba ndiye atanipeleka kanisani."

Siku zile nilitafuta neno lingine la kumusifu. Mimi, mwenye mudomo mukubwa hivi, sikulipata. Yote niliyokuwa nayo yalikuwa ya mzani.

Asubuhi ya ndoa ukungu ulirudi, uleule. Tulitembea juu ya mawe meusi, mukono wake juu ya wangu, shela inaelea. Kijana mmoja wa chukudu akapaza sauti: "Patron! Leo unashusha gunia mbili!"

Mukono wake ukaanza kutoka juu ya wangu.

"Huyu iko na jina!" nikasema. Nikalitaja, lote, na lile la ubatizo, kwa sauti ninayouzia mbao. Likapotea kwenye ukungu, nikalitaja tena.

Mukono ukarudi.