Daktari Hatibu na Kinywa cha Zuleha

Kwa miaka kumi na tisa Daktari Hatibu alifundisha wanafunzi wa udaktari, na wote walimwogopa. Yeye mwenyewe alifundishwa kwa kufokewa, akaamini hakuna njia nyingine. Mtaani kwake Usagara alikuwa mtu mpole, mpenda kahawa na mazungumzo. Akiingia wodini, ulimi wake uligeuka wembe.

Jumatatu moja, wakipita kitanda hadi kitanda, mwanafunzi wa mwaka wa nne aitwaye Zuleha aliuliza kwa nini mgonjwa mmoja hajabadilishiwa dawa. Swali lilikuwa zuri. Hatibu aliudhika tu kuulizwa mbele za watu.

"Umekuja kujifunza au kunisahihisha?"

Wanafunzi wenzake wakacheka. Zuleha akainamisha kichwa.

Alhamisi akalazwa Mzee Sabiri, mkulima wa iliki kutoka Amani, ana homa ya mapafu. Zuleha ndiye aliyemhoji, na alikuwa hajamaliza kuandika faili Hatibu alipofika, ana haraka, akaagiza sindano ya penisilini. Alimwona Zuleha akifungua kinywa. Akamkata jicho. Kinywa kikafungwa.

Haikupita nusu saa, uso wa mzee ukavimba, pumzi zikaanza kukatika. Hatibu alikimbia, akamchoma sindano ya kuokoa maisha, na mzee akapona baada ya siku nne za oksijeni.

Kwenye kikao cha kuchunguza tukio hilo, mkuu wa idara aliuliza nani alimhoji mgonjwa. Zuleha akasimama. Alikiri kwamba mzee alimwambia dawa hiyo ilishawahi kumvimbisha.

"Mbona hukumwambia daktari?"

Zuleha alitazama meza. "Nilisahau."

Hatibu alijua hakusahau. Akanyamaza. Zuleha akasimamishwa masomo muhula mzima.

Tangu siku hiyo chakula kilimshinda Hatibu. Mkewe, Bayan, akimuuliza kulikoni, alisingizia tumbo. Kila asubuhi alipanga kusema ukweli, na kila jioni alirudi nao nyumbani. Wiki tano zikapita hivyo, mitihani ikafanyika, Zuleha hayupo.

Ndipo Mzee Sabiri aliporudi kliniki kuangaliwa. Alimshukuru Hatibu kwa kumwokoa, kisha akasema bila kinyongo, "Nilimwambia yule binti, nikajua nimeshawaambia nyote."

Hatibu hakuweza kuendelea na kazi. Akaenda moja kwa moja Nguvumali, kwa kina Zuleha. Mama wa binti, Bi Mwatumu, alimkaribisha ndani, akamletea sharubati, na kabla mgeni hajakaa vizuri akaanza kumwomba radhi.

"Mwanangu amekuaibisha, mwalimu. Msamehe, bado mtoto."

Hatibu hakuionja sharubati. Akaomba Zuleha aitwe.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Zuleha, siku ile ulitaka kusema."

Binti akamtazama mama yake kwanza. "Ndiyo."

"Mbona ulisema umesahau?"

"Ningekutaja wewe, nani angenisikiliza?"

Hatibu akamgeukia mama. "Bi Mwatumu, mimi ndiye niliyemziba mdomo mwanao. Na yule mzee sikumuuliza neno hata moja. Kisha nikakaa nikamwangalia binti akiadhibiwa."

Bi Mwatumu aliliweka sinia chini taratibu. Hakumwita tena mwalimu.

"Basi kawaambie waliomwadhibu," alisema. "Sisi huku ushatwambia."

Kesho yake Hatibu aliandika barua, hakuficha kitu. Adhabu ya Zuleha ikafutwa. Yeye akapewa onyo na kuzuiwa kufundisha kwa miezi sita, akaona ni kidogo. Lakini mitihani ilikwishapita, na Zuleha alilazimika kurudia mwaka na darasa la nyuma yake.

Siku hizi wawili hao hukutana kwenye ukumbi wa hospitali. Zuleha humwamkia kwa heshima zote, kisha huharakisha kwenda zake. Hatibu huitikia na kubaki amesimama, akiona aibu hata kumuuliza masomo yanaendaje.