Hakijapimwa

Nakumbuka siku moja shangazi yangu Nyangeta aliposhuka kwenye basi la Bugwema, kibuyu cha maziwa mgando mkononi, akaja moja kwa moja ofisini kwetu Nyakato bila hata kupiga simu. Mwanangu, wewe unayeandika programu na kuchukia maonyo ya kompyuta, kaa nikwambie.

Nilikuwa kijana bado, na majivuno yangu wacha tu! Mimi ndiye niliyeandika tovuti ya visima: mtu anafungua simu, anatafuta kijiji chake, anaona kama maji ni salama au si salama. Kasoro ilikuwa moja. Kila nikifungua ukurasa, juu kabisa linatokea onyo kwamba "hali" haijapewa thamani. Hali ndilo jina nililolitumia kubebea jibu la kila kisima. Nikaona onyo linanichafulia kazi. Nikaandika mstari mmoja wa kuficha maonyo yote, ukurasa ukang'aa, nikaenda zangu kula ugali na sato. Mficha maradhi kilio humuumbua, lakini nani alikuwa ananiambia?

Shangazi hakukaa hata kitini. "Simu ya jirani inasema kisima chetu ni salama. Watu wameacha kuchemsha maji. Mkwe wangu naye ameacha, na ana mtoto mchanga. Sasa nani alikuja kupima? Mimi nashindaga pale, sijamuona mtu."

"Shangazi, kompyuta haikosei," nikamjibu. Eti! Nilimwambia hivyo mwanamke aliyenilea.

Nikafungua daftari la vipimo nimwoneshe. Mstari wa kisima chake ulikuwa mtupu. Nikarudi kwenye programu yangu, nikaisoma mstari kwa mstari. Kisima kilichopimwa, hali ilipewa jibu lake. Kisichopimwa, sikuipa kitu, ikabaki na jibu la kisima kilichotangulia. Cha shangazi kilikuwa kimevaa "salama" ya jirani yake! Na lile onyo? Lilitoka kwa kisima cha kwanza kwenye orodha, ambacho nacho hakikupimwa, na kabla yake hakukuwa na kisima cha kukiazima jibu. Lilikuwa linaniambia ukweli, nikaliziba mdomo.

Nikampigia mwenyekiti wa kijiji palepale, awaambie watu wachemshe maji. Kisha nikamweleza shangazi, machozi yananilenga.

Akainua kibuyu chake. "Hiki kabla ya kutia maziwa naoshaga, nafukizaga moshi. Kila siku, hata kama ya jana yalikuwa mazuri. Wewe unamimina ya leo juu ya mabaki ya jana, halafu unaziba pua! Mtoto wa kaka yangu, nani kakufundisha uchafu huo?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini hakuondoka, akavuta kiti. Nikayarudisha maonyo, yakaja na mengine yaliyozaliwa tangu niyafiche, yakajaa ukurasa mzima, nikayashughulikia moja moja. Na kila kisima, kabla ya kukiuliza chochote, nikaipa hali neno lake la kuanzia: hakijapimwa. Shangazi akasoma polepole, kidole kwenye kioo. "Hakijapimwa." Akacheka. "Hapo sasa umesema kweli."

Wapimaji walikwenda wiki ileile, na maji yakakutwa machafu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu liliponea tundu la sindano. Yule mtoto hakuugua, namshukuru Mungu. Leo anasoma sekondari Bunda, mbishi kama bibi yake.

Baadaye kwenye mkutano wa kijiji nilisimama nikaomba radhi. Shangazi akasimama nyuma yangu: "Huyu ni wetu. Akikosea anasema." Nimepewa vyeti vingi, mwanangu, lakini hicho ndicho ninachojivunia mpaka leo.

Basi shika haya. Onyo si tusi, usilizime kabla hujalisikiliza. Kila jina ulitungalo lipe thamani ya kuanzia kabla ya kulitumia, na kama unapita orodha, lipe upya kila hatua. Usipojua jibu, andika kwamba hujui. Kuna mtu anasubiri kunywa maji hayo. Ukikosea, sema wewe kabla hujasemwa.

Mungu akupe mikono misafi, na kibuyu chako kisikaukiwe maziwa, na atokee wa kusimama nyuma yako aseme: huyu ni wetu.